Muulizeni Kilianzaje

Kwa: Mganga Mkuu wa Jiji la Tanga, pamoja na Timu ya Usimamizi wa Huduma za Afya ya Jiji
Nakala: Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga, waganga wafawidhi wa vituo vya afya na zahanati za Jiji

YAH: MGONJWA ALIYEUMWA KICHWA GHAFLA

Ndugu Mganga Mkuu,

Nakuandikia kutoka Pongwe, huku kwenye vumbi la chokaa na saruji. Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilianza kazi enzi za kuchemsha sindano, nikamalizia enzi za kipimo cha malaria cha dakika kumi na tano. Sasa nafuga kuku, na usiku nagongewa mlango na majirani wanaoamini kwamba nesi hastaafu. Safari hii siombi jengo wala mashine kubwa. Kwanza kabisa naomba swali moja liongezwe kwenye meza ya kila tabibu aliye chini yako, na jibu lake liandikwe kwenye faili pamoja na saa: hiki kichwa kilianzaje?

Najua vichwa vinavyopita idara ya wagonjwa wa nje (OPD) kwa siku moja. Kuna kichwa cha homa, cha mafua, cha njaa, cha mawazo, cha miwani isiyofaa tena, cha mtu aliyeshinda juani akipasua mawe. Hakuna kituo kinachoweza kuvipeleka vyote Bombo, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa. Ninachokisema ni kimoja tu, na hicho hakifanani na ndugu zake. Mgonjwa mwenyewe hukuambia alikuwa anafanya nini kilipompata: alikuwa anainua ndoo, alikuwa chooni, alikuwa na mwenzake kitandani, alikuwa barazani anacheka. Hakikupanda kidogo kidogo kama cha malaria. Kilifika juu kabisa ndani ya dakika moja, na hata asiye na maneno mengi husema alidhani amepigwa na kitu kisogoni. Kutapika hufuata. Baadaye shingo inakakamaa, mwanga unaumiza macho. Wengine huzimia kidogo, kisha wakaamka, wakasema hawajambo, wakaomba chai.

Hiyo chai ndiyo inayotudanganya.

Kinachotokea ndani ni hiki. Ateri zinazolisha ubongo hugawanyika matawi chini ya ubongo, na pale kwenye njia panda ukuta wa mshipa hubeba msukumo mkubwa wa damu. Miaka ikienda, kwa baadhi ya watu ukuta huo hulegea na kutoa kifuko, kama tyubu ya baiskeli inavyotoa kinundu pale palipolika. Kifuko hicho ndicho kinachoitwa aneurizimu. Wengi wanacho na hawajui. Makadirio ya dunia ni kama watu wazima 3 katika kila 100, na wengi wao watakufa uzeeni kwa jambo jingine kabisa, kifuko kikiwa hakijawahi hata kuvuja. Kikipasuka, damu inamwagika kwa nguvu ya ateri na kujaa kati ya ubongo na utando wake. Ukiona damu imekaa mahali hapo na mtu hakupata ajali, mara 85 katika 100 chanzo ni aneurizimu.

Utaniambia huu ni ugonjwa adimu na Jiji lina mambo mengine ya kuhangaikia. Tuhesabu pamoja. Kwa wastani wa dunia, watu kati ya 6 na 9 katika kila 100,000 hupata damu hii kila mwaka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.6 katika Mkoa wa Tanga. Chukua kiwango cha chini, 6, unapata watu 150 na ushei. Sasa sema watu wetu wengi ni watoto na vijana, na ugonjwa huu hupenda zaidi wenye miaka hamsini na kitu, basi kata nusu. Bado unabaki na zaidi ya mtu mmoja kila wiki mkoani. Fungua vitabu vya rufaa uone wameandikwa wangapi. Mimi nilivifungua kwa miaka mingi nikiwa kazini, na waliokuwa wameandikwa hivyo walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Waliobaki walizikwa na jina jingine: malaria kali, homa ya uti wa mgongo, presha, upepo.

Kulikuwa na wakati ambapo wataalamu wa ng'ambo waliandika kwamba Waafrika ni nadra sana kupata aneurizimu. Madaktari wa Nairobi, wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na Chuo Kikuu chao, walipoanza kuchapisha habari za wagonjwa wao, maneno hayo yalianza kukosa miguu. Wagonjwa walikuwapo. Picha ya mishipa ndiyo haikuwapo.

Nikupe mmoja ninayemfahamu. Mama wa hapa hapa, miaka hamsini na kidogo, muuza vitumbua karibu na reli. Alfajiri moja alikuwa ameinamia jiko, upawa mkononi, akashika kisogo na kukaa chini. Akatapika. Binti yake aliniambia baadaye kwamba vitumbua vya chuma cha kwanza viliungua vyote, maana hakuna aliyekumbuka kuvigeuza. Wakampeleka kwenye kituo nisichokitaja. Kipimo cha malaria kikatoka hasi. Presha ilikuwa 190 kwa 110. Akapewa dawa ya mseto ya malaria "kwa tahadhari", sindano ya diklofena na kidonge cha presha, akaambiwa akapumzike. Daftari lake nimelishika mwenyewe. Palipotakiwa historia ya ugonjwa pameandikwa maumivu ya kichwa, basi. Hakuna aliyeandika kwamba yalianza wakati anamimina uji kwenye chuma, wala kwamba dakika moja kabla ya hapo alikuwa mzima.

Akarudi nyumbani kwa bajaji. Kesho yake alikuwa mtu wa kuzungumza, shingo tu ilimkaza, dada yake akamchua kwa mafuta ya nazi. Usiku uliofuata alikwenda uani, akapiga ukelele mmoja, hakusema tena. Alikata roho njiani kabla gari halijafika mjini.

Ule ukelele ulikuwa damu ya pili, Daktari, na hiyo ndiyo inayonifanya niandike barua hii. Damu ya kwanza hatuna mamlaka nayo. Kati ya wanaopasuka, 10 hadi 15 katika kila 100 hufa kabla hawajaiona hospitali yoyote, iwe ni Pongwe au Paris. Lakini wengi zaidi hufika. Wanafika wakitembea au wamebebwa mgongoni, wakieleza wenyewe kilichowapata. Kwa nini hawakufa? Kwa sababu pale palipopasuka pameziba kwa donge la damu. Donge hilo si ukarabati, ni ahirisho. Ndani ya saa 24 za kwanza, kati ya wagonjwa 4 na 14 katika kila 100 huvuja tena, na hatari inaendelea wiki baada ya wiki kama kifuko hakikufungwa. Wanaovuja mara ya pili, wengi hawaamki. Ukijumlisha yote, ugonjwa huu huua kati ya theluthi na nusu ya wanaoupata, na sehemu ya vifo hivyo ni ya watu waliokuwa wameketi mbele yetu kwenye benchi.

Sisemi haya kumsema vibaya yule tabibu. Alikuwa peke yake zamu nzima, na sisi ndio tuliomfundisha kwamba kichwa na kutapika ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Mwaka 2004 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa nchi yetu, ukanda wetu huu. Wagonjwa zaidi ya 4,000 walikuwa wamelazwa kwa jina la malaria kali, na damu yao ilipopimwa kwa makini, chini ya nusu ndio waliokuwa na vimelea. Tangu hapo vipimo vya haraka vimeenea hadi zahanati za mwisho, lakini tabia ya mkono kuandika mseto hata kipimo kikikataa haijaisha. Na hata kipimo kikikubali, kesi haijafungwa: mtu wa ukanda wa malaria anaweza kuwa na vimelea vichache mwilini na mshipa uliopasuka kichwani, vyote kwa siku moja.

Wala si Tanga peke yake. Huko New York, katika hospitali kubwa ya chuo kikuu, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 482 wa damu hii na mwaka 2004 wakaripoti kwamba 56 kati yao walikosewa walipoonana na daktari kwa mara ya kwanza. Waliambiwa ni kipandauso au kichwa cha mawazo. Waliokosewa wakiwa bado na akili timamu ndio waliopata hasara kubwa, kwa kuwa wao walikuwa na kitu cha kupoteza. Februari 1988 seneta mmoja wa Marekani mwenye miaka 45, Joe Biden, alipatwa na kichwa cha ghafla hotelini baada ya hotuba mjini Rochester. Siku zikapita kabla ya kugunduliwa. Hatimaye alipopimwa maji ya uti wa mgongo yakakutwa na damu, akakimbizwa kwa gari la wagonjwa hadi hospitali ya jeshi ya Walter Reed, akafunguliwa fuvu. Mei mwaka huohuo akarudishwa kufungwa kifuko cha pili kilichokuwa bado hakijapasuka. Mwaka 2021 aliapishwa kuwa rais. Namtaja kwa sababu mbili: seneta naye alicheleweshwa, na aliyewahiwa hakuishia kitandani.

Sasa tuje kwenye saa, maana hapo ndipo swali langu linapolipa. Hospitali za rufaa za mikoa zimepelekewa CT scan, na kutoka Pongwe hadi Bombo ni mwendo wa kama kilomita 15 kwa lami. Ndani ya saa 6 tangu kichwa kianze, CT nzuri huiona damu hii karibu kila mara. Baada ya wiki, damu imeshanywewa na mwili na picha inaweza kuikosa kwa nusu ya wagonjwa. Picha ikiwa safi na hadithi ya mgonjwa bado ni ileile, maji ya uti wa mgongo yatolewe, yasitolewe mapema mno bali saa 12 zikishapita, yatazamwe kama yamegeuka rangi ya manjano. Mambo yote haya yanahesabiwa tangu saa ya kwanza. Kama hakuna aliyeiandika, daktari wa Bombo anakisia, na anayesoma picha naye anakisia. Ndiyo maana nataka saa, si siku. "Tangu juzi" haitoshi.

Na wakati gari linasubiriwa kuna mengi ya kufanya kituoni kwa vitu ambavyo tayari vimo kabatini. Mgonjwa alale, kichwa kiinuliwe kidogo, mahali pa kimya. Apewe paracetamol; diklofena na aspirini zikae mbali mpaka picha itoke, kwa kuwa hulainisha damu tunayoiombea igande. Kutapika kuzuiwe, asiachwe akakamue chooni. Presha ishushwe kwa utaratibu, ile ya juu ikae chini ya 160 hivi, bila pupa, kwa maana ubongo ulioumia unahitaji damu kuufikia. Mwenye homa na shingo ngumu apigwe seftriaksoni yake kama mwongozo unavyosema, lakini dozi ya kwanza isiwe sababu ya kumlaza tukisubiri aitikie dawa.

Akishafika na kuthibitishwa, kazi haijaisha, na hapa nahitaji uzito wa ofisi yako kuliko karatasi ukutani. Kuanzia siku ya nne hivi hadi wiki ya pili, mishipa iliyooga damu hujikaza, na sehemu za ubongo hukosa damu. Ndipo unamwona mgonjwa aliyekuwa anaongea anapooza upande, ndugu wanasema amerogwa wodini. Kuna kidonge cha nimodipini kinachotolewa kila baada ya saa 4 kwa siku 21, nacho hupunguza madhara hayo. Si dawa ya ajabu wala mpya. Tafadhali muulize mfamasia kama ipo, na kama haipo iingie kwenye oda ya Bohari ya Dawa. Mgonjwa mmoja katika watano hivi hujaa maji kichwani akahitaji mrija, na huo hauwezi kungoja kikao.

Kuhusu kukifunga kifuko chenyewe sina mengi ya kukuambia ambayo hujui. Daktari mpasuaji Walter Dandy alikibana kwa kibanio cha madini ya fedha huko Baltimore mwaka 1937. Tangu miaka ya 1990 kuna njia ya kupitisha mrija kwenye paja na kukijaza kifuko nyuzi laini za platini bila kufungua fuvu. Utafiti mkubwa wa 2002 wenye wagonjwa 2,143 ulionyesha kwamba, kwa vifuko vinavyofaa njia zote mbili, waliofariki au kubaki tegemezi baada ya mwaka mmoja walikuwa kama 24 katika 100 kwa nyuzi na 31 kwa kibanio. Kwetu Tanzania pa kupeleka ni Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ambako wako mabingwa wa upasuaji wa ubongo na pana mtambo wa angio wa kuchunguza mishipa. Ni safari ya kilomita zaidi ya 300, Segera, Chalinze, foleni ya Kibaha. Mtu aliyepoteza siku mbili Pongwe hana cha kupoteza tena njiani.

Jirani mwingine alifika. Alikuwa kuli wa kupakia saruji, mvuta sigara tangu ujana, kifuko kikapasuka akiwa na mfuko begani. Wenzake wakaamua ni jambo kubwa kwa sababu alianguka mbele yao, wakampakia kwenye lori lilelile, wakaenda mjini moja kwa moja. Akapigwa picha, akapewa rufaa, akafungwa kibanio Dar es Salaam. Ukimwona leo barabarani utasema amepona. Mkewe anajua zaidi. Saa nne asubuhi ameshachoka kama aliyelima. Hasira zake ni za mtu mwingine. Alikuwa anahesabu mifuko ya lori zima kichwani, sasa anapotea akifika arobaini, na aibu ya hapo inamkaza kuliko kovu. Hakuna aliyewaambia hao wawili kwamba kusahau, uchovu na huzuni ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na kwamba wengi wa walionusurika hawarudi kwenye kazi ileile. Walidhani ni uvivu na ulevi wa siri. Nusu saa ya nesi kwenye kliniki ya presha ingewaokolea miezi ya ugomvi.

Nimetaja presha. Katika mambo yanayopasua vifuko, mawili ambayo mtu anaweza kuyafanyia kitu ni presha na sigara, na kila moja huongeza hatari zaidi ya maradufu. Pombe nyingi huongezea. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, hasa baada ya miaka hamsini, na hilo hatuwezi kulibadili, lakini ni sababu ya kutomwambia mama wa umri huo kwamba ni mambo ya kukoma hedhi. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta Mtanzania mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana presha. Ule wa kiharusi uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006, ukachapishwa 2010, ulikuta kiharusi kwa jumla, baada ya kusawazisha umri, ni watu 108 hivi kwa mwaka katika kila 100,000 kule Hai, na 315 Dar. Damu ninayoiandikia ni sehemu ndogo ya kiharusi chote, lakini presha ni ileile.

Hapa Pongwe presha hutibiwa kama homa: dozi ikileta nafuu, inaachwa. Mama wa vitumbua alikuwa na kadi ya kliniki, nayo ilikuwa na pengo la miezi. Alikuwa amejisikia vizuri. Ongeza na chumvi. Sisi wa pwani ugali wa muhogo haushuki bila papa au ng'onda, na papa huyo tunamroweka dakika tano badala ya usiku mzima kwa kuwa tunaogopa atapoteza ladha. Siwezi kukuomba upige marufuku papa, nami nitakuwa wa kwanza kuandamana. Ninachoomba ni mashine ya presha mkononi mwa kila mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayezunguka hapa, ya mkononi kweli na yenye betri, na daftari la wanaokatisha dozi ili wafuatwe majumbani kama tunavyowafuata wa kifua kikuu.

Halafu kuna ukoo. Mtu ambaye ndugu zake wawili wa damu, wazazi au ndugu wa tumbo moja, wamepatwa na damu hii, yeye yuko hatarini kuliko wengine, na katika nchi zenye uwezo hupigwa picha ya mishipa kabla hakijatokea kitu. Vivyo hivyo wenye ule ugonjwa wa kurithi wa figo zenye vifuko vya maji. Kwetu familia ambamo dada na kaka wote walianguka ghafla hupewa maelezo mengine. Nimekaa kwenye misiba hiyo na nimesikia majina ya wazee wakituhumiwa. Swali jingine kwenye karatasi ya ukutani ninayopendekeza liwe hilo: kwenu yupo aliyeanguka na kufa ghafla? Likijibiwa ndiyo, tabibu aongeze kasi. Na huenda kikongwe mmoja akaachwa alale salama.

Maana tusijidanganye, kabla ya kituo wengi wetu tunapitia kwa mzee. Mtu akipiga ukelele na kuanguka, Tanga nzima inajua ni jini. Sina ugomvi na dua, mimi mwenyewe nimesomewa. Naomba masheikh na waganga wa asili waitwe kwenye kikao kimoja, waelezwe dalili hizi kwa Kiswahili cha kawaida, na tukubaliane kwamba dua isomwe ndani ya gari. Kombe lingoje kwanza, mtu aliyezimia hanyweshwi kitu. Wao ndio wanaowaona wa kwanza, nao wakisema "mpelekeni mjini sasa hivi" wanasikilizwa kuliko mimi na sare yangu yote ya zamani.

Gari lenyewe lisitushinde. Tayari tunayo m-mama: mjamzito akipata shida, inapigwa 115 bila malipo, gari la wagonjwa likikosekana dereva wa jamii anatumwa na analipwa na mfumo. Mtindo huo umezoeleka mpaka bibi zetu wanaijua namba. Sijui kwa nini usifunguliwe dirisha dogo kwa mtu aliyeanguka ghafla au aliyepasukwa na kichwa ghafla. Madereva ni walewale, barabara ni ileile. Kama sheria ya mpango ule hairuhusu, Jiji liwe na orodha yake ya madereva na mfuko mdogo wa mafuta.

Fedha ni neno gumu zaidi na sitalizunguka. Kadi ya bima ya afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, ile ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, iliishia ngazi ya mkoa. Kwa ugonjwa huu maana yake ni kwamba bima ilikupeleka hadi kwenye picha inayokuonyesha kitakachokuua, kisha ikakuaga. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita mwaka 2023. Wewe unakaa kwenye vikao ambako vifungu vya matumizi yake vinajadiliwa. Nakuomba usimamie kwamba rufaa ya dharura ya ubongo kutoka Bombo kwenda MOI isianze kwa kuuliza mgonjwa ana shilingi ngapi. Familia ya yule kuli iliuza kiwanja. Waliokosa kiwanja cha kuuza hawamo kwenye barua hii kwa sababu hawakuondoka Tanga.

Jambo la mwisho ni dogo na halina gharama. Waislamu tunazika upesi, na mwili haupasuliwi, wala sipendekezi upasuliwe. Lakini mtu mzima akifa ghafla, mhudumu wa jamii anaweza kwenda baada ya arobaini, akaketi na wafiwa, akauliza kwa adabu: alianza kusema nini, alishika wapi, alitapika, ilikuwa saa ngapi. Mradi wa miaka ya 1990 uliochunguza vifo vya watu wazima Hai, Morogoro na Dar es Salaam ulifanya hivyohivyo, nyumba kwa nyumba, na ndio uliotuambia kwa mara ya kwanza kiharusi kinaua kiasi gani nchini. Tukifanya hivyo mwaka mmoja katika kata zetu, hutahitaji tena hesabu yangu ya kukata nusu.

Karatasi ya kubandika ukutani nimeshaiandika. Ni upande mmoja wa A4, herufi kubwa: kilianzaje, saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, kwenu yupo, na chini yake yale ya kufanya wakati gari linasubiriwa, pamoja na nafasi ya kujaza namba ya simu ya chumba cha dharura Bombo, ambayo nakuomba uijaze wewe mwenyewe ili iwe ile inayopokelewa usiku. Mabingwa wako waipitie, wafute watakachofuta. Naomba nafasi katika kikao chenu kijacho cha waganga wafawidhi. Dakika kumi zitanitosha, na nauli ya daladala ninayo.

Wako katika kazi,

Muuguzi mstaafu,
Pongwe, Tanga